Mshipa na Magoti ya Zisis

Kazi ya Polyxeni Kardara ilikuwa kusoma namba kwa sauti. Kila mtu aliyemuuliza anafanya nini hospitalini alijibiwa hivyo, na wengi hawakuendelea kuuliza, jambo lililompendeza. Alikuwa amefika miaka hamsini na kitu, hakuwahi kuolewa, na hakuwa na maneno mengi.

Daktari Iordanis alipitisha mrija mwembamba kutoka kwenye kinena cha mgonjwa hadi kwenye mishipa ya moyo. Kwenye ncha ya mrija huo palikuwa na kipimajoto kidogo kuliko punje ya mchele. Ncha ilipogusa ukuta wa mshipa, namba ilitokea kwenye skrini. Daktari hakupenda kugeuza shingo akiwa na mrija mkononi, hivyo alisema tu, "Haya, Polyxeni," naye akaitaja namba. Waligusa kwanza mahali palipo pazima, kisha mahali palipoharibika, kisha wakalinganisha. Tofauti yenyewe ilikuwa ndogo, pengine nusu ya nyuzi moja, pengine chini ya hapo. Watu wa idara nyingine waliwatania kwenye lifti: "Nyie si ndio mnaopima homa ya mishipa? Mbona hamuipi na dawa ya kikohozi?"

Polyxeni hakujali utani huo, kwa sababu homa hiyo alikuwa ameiona kwa macho yake. Kabla ya kuingia chumba cha mishipa alikaa miaka kadhaa maabarani, akipokea vipande ambavyo madaktari wa upasuaji walivitoa kwenye mishipa ya shingo ya wagonjwa. Kila kipande kilikuwa gamba lililojijenga ndani ya ukuta wa mshipa, na hapakuwa na mawili yaliyofanana. Moja lilikuwa gumu kama ganda la yai, chokaa na kovu tupu, kisu kikalia juu yake. Jingine lilikuwa laini, limejaa mafuta ya manjano, na juu yake utando mwembamba uliochanika kwa kuguswa tu. Walichomeka sindano ya kupimia joto hapa na pale kabla kipande hakijapoa, kisha wakakikata na kukitazama kwa hadubini. Mara nyingi, pale sindano iliposoma joto zaidi, ndipo seli za kinga zilipokuwa zimesongamana kama watu kwenye mlango wa kanisa usiku wa Pasaka. Gamba la chokaa lilikuwa baridi na limetulia. Gamba laini lilikuwa likiungua polepole, na hilo ndilo liliweza kupasuka ghafla na kumwangusha mtu aliyekuwa anakunywa kahawa yake.

Basi alijua vizuri namba anazozisoma zinatoka wapi. Ndiyo maana aliikagua skrini mara mbili siku walipompima kaka yake.

Zisis alimzidi miaka kumi. Walizaliwa kwenye milima ya Thesalia, katika nyumba ya wafugaji wa kondoo, na Zisis ndiye aliyetangulia kushuka Athene akafungua duka la maziwa mtaa wa Kypseli. Aliuza mtindi wa kondoo kwenye vibakuli vya udongo, wenye utando mzito juu, na wali wa maziwa ulionyunyiziwa mdalasini. Alikuwa mnene, mwenye sauti kubwa, na magoti yake yalikuwa yameharibika kwa miaka ya kubeba madebe. Alipochuchumaa, mkewe Stamatia alilazimika kumvuta ili asimame.

Miaka miwili kabla ya haya, Polyxeni aliugua. Ulikuwa uvimbe kwenye titi. Walimkata, wakamtibu, akapona. Katika kipindi hicho Zisis aliweka nadhiri kwa Bikira wa kisiwa cha Tinos: dada yangu akipona, nitapanda kutoka bandarini hadi kanisani kwako kwa magoti, sikukuu ya tarehe kumi na tano Agosti, pamoja na wote wanaopanda hivyo. Hakuificha nadhiri hiyo. Wateja wote wa mtindi waliijua. Mwaka wa kwanza magoti yalimkatalia, akaona aibu. Mwaka wa pili aliapa kwamba hata kama atavutwa na punda, atakwenda.

Ilikuwa mwanzoni mwa Julai alipoanza kubanwa kifua akipanda ngazi. Polyxeni alimpeleka kwa Daktari Iordanis mwenyewe. Picha ilionyesha mshipa mmoja wa moyo umepungua upana, lakini si sana. Daktari alikaa kitandani kwa mgonjwa na kumweleza, naye akachagua maneno ya dukani.

"Bwana Zisis, wewe unauza mtindi. Upo wenye utando mzito, ukiinamisha bakuli haumwagiki. Na upo wenye utando kama karatasi ya sigara."

"Huo si wangu, daktari. Huo ni wa yule mwizi wa kona ya pili."

"Sawa. Nataka kujua huu ulio ndani ya mshipa wako ni wa duka lipi. Ukiwa mzito na umetulia, utameza dawa na utaondoka. Ukiwa mwembamba na una moto chini yake, nitakuwekea kijibomba cha wavu wa chuma kuushikilia. Mshipa umebanwa kiasi cha kati na picha peke yake haiamui, ndiyo maana napima joto. Joto ni shahidi mmoja tu, lakini kwako atanisaidia kuamua. Kuna dawa yoyote unayotumia?"

"Divai wakati wa chakula," alisema Zisis.

"Nyingine?"

"Maombi ya mke wangu."

Walicheka, hata Stamatia aliyekuwa amesimama na mfuko wa mapichi. Kesho yake wakampima. Polyxeni alizitaja namba moja baada ya nyingine, pazima na palipoharibika, na zote zilikwenda sambamba kama maji ya bakuli. Hapakuwa na joto. Daktari alivua glavu akasema, "Umetulia. Kaka yako ana mtindi mzuri." Zisis akarudishwa nyumbani na dawa za kawaida. Siku hiyo Polyxeni alikula chakula chote kilichokuwa kwenye sahani yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu juma lililotangulia.

Haukupita muda akaenda dukani kuchukua mtindi wake. Ilikuwa saa za watu kulala mchana, mtaa mzima umefunga madirisha ya mbao, na mlango wa duka ulikuwa umerudishwa bila komeo. Alisukuma, akaingia, akasikia kitu kinakwaruza sakafuni nyuma ya majokofu.

Alimkuta Zisis yuko chini. Alikuwa amejifunga magotini vipande vya tairi kuukuu kwa kamba, akitambaa kwenye ukumbi mwembamba wa duka, kutoka jokofu la kwanza hadi stoo. Alipofika stoo akageuka, akamwona dada yake, akasimama. Alisimama mwenyewe, mara moja, bila kushika kitu, kama kijana wa jeshini.

"Unaona?" alisema, akipiga magoti yale kwa viganja. "Agosti ije tu!"

"Kaka, umewezaje kusimama hivyo?"

"Bikira amenipa nguvu."

"Bikira na nani?"

Zisis akaangalia mlango. "Na Menelaos wa duka la dawa. Ana vidonge vya uvimbe, dada, we acha tu. Asubuhi viwili, jioni viwili. Magoti yamelainika kama siagi."

"Tangu lini?"

"Tangu Mei. Mbona unanikazia macho hivyo?"

Polyxeni aliketi kwenye kasha la chupa. Alijaribu kukumbuka kila kitu sawasawa: swali la daktari kando ya kitanda, utani wa divai, namba zilizotulia kwenye skrini.

"Daktari alikuuliza kama unatumia dawa."

"Aliniuliza za moyo. Hizi ni za magoti."

"Alisema dawa yoyote."

"Ningesema, angenizuia. Unawajua hawa, wakianza kuzuia hawaachi. Leo vidonge, kesho divai, keshokutwa Tinos."

"Kaka, dawa za kuzima uvimbe hazichagui. Zinazima magotini na zinazima kwingine. Huenda tulipima moto uliozimwa."

Zisis alifikiri kidogo, kisha uso wake ukang'aa. "Basi si vizuri? Moto umezimwa! Kumbe nimejitibu mwenyewe, na nyie mnanichoma mirija bure. Mwambie daktari wako aje nimpe anwani ya Menelaos."

Maneno hayo yalimuuma Polyxeni: hoja ilikuwa ya duka la maziwa, lakini hakujua kosa lake liko wapi.

"Nitamwambia," alisema.

Sauti ya Zisis ikashuka, na iliposhuka ndipo ilipotisha. "Sikiliza, mdogo wangu. Nadhiri hii si ya kuomba duka likue. Ni yako wewe. Nilisimama nje ya chumba chako nikaongea na Bikira uso kwa uso, na ahadi yake ameitimiza, umekaa hapo juu ya kasha langu. Mwaka jana nimemkosa. Ukienda kusema, umenifunga njia mbele yake mara ya pili. Usinifanye mwongo kwa ajili yako."

Akampa mtindi wake, bakuli mbili badala ya moja. Polyxeni aliubeba nyumbani na hakuugusa.

Kazini alizunguka jambo hilo bila kulisema. Mchana mmoja, daktari akiwa anakoroga kahawa yake ya baridi yenye povu kwenye chumba cha wauguzi, alimuuliza kama mgonjwa akimeza dawa za uvimbe kwa muda mrefu, halafu mshipa usomeke baridi, je, si dalili njema?

Daktari Iordanis aliacha kukoroga. "Ni swali gumu. Huenda ni njema kidogo, sijui, na atakayekwambia anajua anakudanganya. Ninachojua ni hiki: kupunguza joto si kujenga utando. Mafuta yako palepale, utando ni uleule. Siku anapoviacha vidonge, sijui kitatokea nini. Na kipimo cha mgonjwa kama huyo hakinifai, maana nitakuwa nimeuliza ukuta na aliyejibu ni kidonge." Akanywa. "Ni mgonjwa gani?"

"Nauliza tu," alisema Polyxeni.

Daktari alimtazama lakini hakumlazimisha. Alitoka na kikombe chake.

Polyxeni alibaki pale akiosha vikombe vya wenzake, ambavyo hakuna aliyemwomba avioshe. Alimwona Zisis kwenye ile barabara ya Tinos inayopanda, jua la Agosti kichwani, watu maelfu, ambulensi iko bandarini chini na haiwezi kupita. Akitambaa. Akiongeza vidonge ili afike. Alifikiri pia jinsi angekasirika, maana Zisis hakujua kukasirika kidogo. Na alifikiri kwamba Bikira, ikiwa kweli aliongea naye uso kwa uso, hakuwa amemponya dada ili amchukue kaka. Lakini hilo hakulitegemea sana, kwa kuwa hakuwa mtu wa kusemea watakatifu.

Akafuta mikono, akamfuata daktari kwenye korido, akasema jina.

Ilikuwa kama alivyotarajia, na zaidi kidogo. Daktari alimpigia Zisis simu mwenyewe: aache vidonge mara moja, asiende Tinos, arudi kupimwa baada ya wiki chache dawa ikishatoka mwilini. Jioni ile simu ya Polyxeni ikalia.

"Umeniuza," alisema Zisis.

"Kaka, nisikilize..."

"Kwa miaka yote hii nimekuita dada. Kumbe nilikuwa nafuga askari."

Akakata. Tangu siku hiyo hakuongea naye. Polyxeni alipopita dukani, Zisis alimwita Stamatia atoke kumhudumia "mteja," naye akaingia stoo. Stamatia alimfungia bakuli, akamnong'oneza, "Amenuna, lakini ameviacha. Menelaos nimemwendea mwenyewe. Nimemwambia akimpa tena hata kimoja nitavunja kioo chake kwa debe."

"Magoti yake?"

"Yamerudi kuwa magogo. Asubuhi namvalisha soksi."

Tarehe kumi na tano Agosti Athene ilikuwa tupu, watu wamekwenda vijijini kwa sikukuu. Zisis alifunga duka, akawasha televisheni ambako kanisa la Tinos lilikuwa linaonyeshwa moja kwa moja, akatazama watu wakipanda kwa magoti, wanaume, wanawake, mama mmoja na mtoto mgongoni. Polyxeni alisimuliwa baadaye na Stamatia kwamba alitazama mpaka mwisho akiwa amesimama, kwa sababu alisema kukaa kitini kungekuwa dharau.

Mwishoni mwa mwezi huo alirudi kulala kwenye meza ya chumba cha mishipa. Alimwona dada yake kando ya skrini amefunga barakoa, akageuza uso ukutani.

"Naweza kumpisha mtu mwingine," Polyxeni alimnong'oneza daktari.

Kabla daktari hajajibu, sauti ilitoka mezani: "Abaki. Yeye ndiye aliyetaka namba, azisome."

Mrija ukapanda. Mahali pazima pa kwanza, Polyxeni akataja namba. Mahali pazima pa pili, ileile. Daktari akasogeza ncha taratibu hadi pale mshipa ulipopinda, pale pale pa Julai.

"Haya, Polyxeni."

Namba ilipanda. Alingoja itulie, ikatulia juu. Alipoitaja, sauti yake ilikuwa ya kawaida, kwani ndivyo alivyozoea kuisema kwa miaka yote. Daktari akarudi nyuma kidogo, akagusa tena. Ilikuwa ileile. Zaidi ya nusu ya nyuzi, mahali pamoja padogo, na pembeni yake kote baridi.

"Ndipo hapo," alisema daktari. "Nipeni wavu."

Kazi ikiendelea, Zisis aliuliza mara moja kama anaweza kukohoa.

Jioni Polyxeni alipita wodini. Stamatia alikuwa ameteremka kununua maji. Zisis alilala chali, mguu mmoja umenyooshwa kama alivyoagizwa, na magoti yake mawili yameinua shuka kama vilima. Alikuwa hajamtazama dada yake usoni tangu Julai. Sasa alimtazama.

"Ilikuwa ya moto?"

"Ya moto."

"Kiasi gani? Ningeweka mkono, ningesikia?"

"Hapana. Mkono usingejua."

Zisis akakitazama kiganja chake. "Kwa hiyo utando ulikuwa wa yule mwizi wa kona ya pili."

"Hatukuuona, kaka. Uko ndani, chini ya ule wavu. Tunakisia tu."

"Unakisia, halafu unaniuza."

"Ndiyo."

Alicheka kwa pumzi, kwa sababu alikatazwa kucheka kwa tumbo. Kisha uso ukarudi kuwa mzito. "Na Bikira nitamwambia nini?"

Polyxeni alikuwa amelifikiria hilo kwa wiki nyingi. "Nitapanda mimi. Magoti yangu mazima. Nitapanda kwa jina lako."

"We dada una akili kweli? Nadhiri nimeweka kwa ajili yako, halafu uilipe wewe? Ni sawa na mtu kujipigia makofi siku ya sikukuu ya mtakatifu wa jina lake." Akatikisa kichwa. "Ni yangu. Mwezi wa tatu kuna sikukuu nyingine kule, tarehe ishirini na tano. Hakuna joto. Muulize huyo daktari wako."

"Nitamuuliza kila kitu. Na wewe utamjibu kila kitu."

"Kila kitu."

"Bila Menelaos."

Zisis aliyatazama magoti yake kwa huzuni, kama mtu anayeagana na jamaa wa safari. "Bila Menelaos," alisema.

Daktari Iordanis aliruhusu mwezi Machi, kwa sharti kwamba aache mara kifua kitakaposema neno. Walikwenda watatu kwa meli ya asubuhi, upepo mkali, manyunyu yakitoka baharini. Pale bandarini, mwanzo wa barabara inayopanda, kuna zulia limetandazwa pembeni kwa ajili ya wanaotambaa, na lilikuwa limelowa. Stamatia alikwenda mbele na mishumaa. Zisis alijifunga vipande vyake vya tairi, akafanya ishara ya msalaba, akashuka chini kwa kushikwa mkono, maana peke yake hakuweza.

Alikwenda polepole mno. Kila hatua ya goti ilimtoa mguno. Bibi mmoja mwenye nguo nyeusi alitokea nyuma akitambaa kwa kasi ya kustaajabisha.

"Pita, mama, pita," alimwambia. "Mimi gari kubwa, nimebeba chuma."

Bibi akampita bila kutabasamu. Polyxeni alitembea kando yake akiwa amembebea koti, akimtazama rangi ya midomo, jasho la shingoni, namna anavyovuta pumzi. Karibu na vibanda vya mishumaa Zisis akaacha kutambaa, akaweka viganja viwili kwenye zulia na kuinamisha kichwa. Polyxeni alichuchumaa upesi.

"Kifua?"

"Hapana."

"Sema kweli, kaka."

"Nasema kweli. Kifua kimekaa kimya. Haya ndiyo yanayopiga kelele." Alipiga goti moja kwa ngumi, akakunja uso. "Yanauma, Xeni. Yanauma vibaya sana."

Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu aliyeridhika. Polyxeni alimshika mkono mpaka pumzi yake ikatulia, kisha akamfungia koti mabegani kwa sababu ya manyunyu.

"Basi twende," alisema.

Zisis akalisogeza goti la kushoto.